Kituko, huzuni au ugonjwa wa akili? Vipimo sita vya wanasaikolojia, na kipi kikufae

Mtu akibadilika tabia hapa Lamu, hukumu huwa zimeshatolewa kabla ya adhuhuri. Barazani watasema kichwa kimemharibika. Ndani ya nyumba watasema ana jini. Daktari, akifikiwa, atataja ugonjwa wenye jina refu. Wanaobaki wamekwama ni ndugu zake, wasiojua waende kwa nani kwanza. Amekwama pia mwanafunzi wa saikolojia aliyetakiwa aeleze maana ya tabia isiyo ya kawaida, na kitabu chake kina maelezo sita yasiyopatana.

Wanasaikolojia wenyewe hawajaafikiana juu ya maana moja, na sidhani wataafikiana karibuni. Walichonacho ni vipimo kadhaa, kila kimoja kikiona jambo ambalo vingine havilioni. Nimevilinganisha sita. Ukitafuta mshindi humu hutampata, ila utajua unaposhika kimoja unaacha nini.

Maswali ninayouliza kila kipimo

Kinapima nini? Mwamuzi ni nani? Kinakosea wapi, yaani kinamnasa nani asiyeumwa na kinampita nani anayeumwa? Na kinamfaa nani?

Ili tusiongee hewani, nimebuni watu watatu tutakaowapitisha kwenye kila kipimo. Wa kwanza ni kijana wa Langoni. Wiki nzima na zaidi halali ila saa mbili, anazungumza bila kupumua, ameuza injini ya boti ya babake, na anamwambia kila mtu kwamba yeye ndiye atakayejenga daraja la kuvukia Manda. Huzuni hana hata chembe. Wa pili ni mama wa Matondoni ambaye ngoma ya pepo ikipigwa hupandwa: sauti hubadilika, hunena maneno yasiyoeleweka, na ngoma ikiisha hunywa maji akarudi kwake kupika. Wa tatu ni mjane wa Mkomani. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikwisha zamani, mwaka wa pili unaingia, lakini hatoki, hali ila kidogo, na husema afadhali angetangulia yeye.

Kipimo cha uchache

Hiki ni cha hesabu tupu. Pima jambo lolote kwa watu wengi, utakuta wengi wako katikati na wachache pembeni; walio pembeni kabisa ndio wasio wa kawaida. Mfano unaorudiwa madarasani ni vipimo vya akili: wastani ni 100, na aliye chini ya 70 yumo katika watu kama wawili kwa kila mia. Mwamuzi ni namba, nayo haijui ukoo wa mtu wala deni lake. Hilo ndilo zuri lake.

Ubaya wake ni kwamba anayepata zaidi ya 130 ni adimu vilevile, na hakuna mzazi atakayempeleka hospitali kwa hilo. Tena maradhi mengi si adimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani aliishi na tatizo la afya ya akili, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, zikiongoza. Na kwenye baraza ambako kila kijana anatafuna muguka mpaka alfajiri, hesabu itamwambia asiyetafuna kuwa yeye ndiye kituko.

Kijana wetu atanaswa, maana wachache wanaishi kwa saa mbili za usingizi. Mama wa Matondoni inategemea umehesabia wapi: nchi nzima yeye ni adimu, kwenye kilinge chake ni mmoja wa wengi. Mjane anakaribia kupita bila kuonekana. Kinamfaa mtafiti, na mwalimu anayetaka kujua mtoto gani yuko nyuma kiasi cha kuhitaji msaada. Hata hapo, uzito wa ulemavu wa akili siku hizi hupimwa zaidi kwa yale mtoto anayoweza kujifanyia kuliko kwa namba ya mtihani.

Kipimo cha kuvunja desturi

Hapa anayehukumu ni jamii. Kila mji una kanuni zake, nyingine zimeandikwa, nyingi hazikuandikwa, na anayezivunja waziwazi huonwa si mzima. Wanasaikolojia David Rosenhan na Martin Seligman, walipoorodhesha dalili saba za kushindwa kwa mtu, waliweka na hii: kwamba wanaomtazama wanakosa raha. Nawashukuru kwa kuisema wazi, kwa sababu mara nyingi kinachoanzisha safari ya hospitali ni aibu ya familia kuliko maumivu ya mgonjwa.

Kipimo hiki kina heshima yake. Kinawahi. Mwanamke aliyekuwa nadhifu miaka yote akianza kupita sokoni kichwa wazi na nguo chafu, majirani wa Lamu watajua kuna jambo kabla daktari hajafungua faili. Tena ndicho kinachomlinda mama wa Matondoni: kwa desturi ya waliomzunguka, kupandwa ngomani si kuvunja kitu, kuna mahali pake, wakati wake na watu wa kumshika asianguke.

Lakini ndicho kipimo kilichoumiza watu wengi zaidi, na hapa nitakawia kidogo.

Mwaka 1851 daktari wa Marekani aitwaye Samuel Cartwright alitangaza ugonjwa wa akili aliouita drapetomania. Dalili yake ilikuwa mtumwa kumtoroka bwana wake. Kwa desturi ya wenye mashamba ya kule, mtumwa mzima alikuwa anatulia. Sasa tazama kwetu. Katika karne hiyohiyo watumwa wa mashamba ya Malindi walikuwa wakitoroka, wakajenga makazi yao bara kama Fuladoyo, na wengine wakapata hifadhi Witu, chini ya Sultani Ahmed aliyeitwa Simba. Kwa kipimo cha desturi ya mabwana, wote hao walikuwa wagonjwa. Kizazi chao kipo, na sijasikia anayesema babu zake walihitaji tiba.

Yapo ya leo pia. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee mwenye maradhi ya kusahau akitoka usiku, akapotea njia, akakutwa amesimama kwenye boma la mtu, desturi haitasema anaumwa ubongo. Itasema amekuja kuroga.

Na kuna swali la desturi ya nani. Kundi lililokusanyika msitu wa Shakahola, huko Malindi, lilifanya kufunga mpaka kufa kuwa utii. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Ndani ya kundi lile aliyekataa kufunga ndiye aliyevunja kanuni.

Kwa hiyo kipimo hiki kinamfaa aliye karibu na mtu na anataka kujua kama kuna mabadiliko. Hakimfai yeyote aliye na uwezo wa kumfungia mtu mlango.

Kipimo cha dhiki ya mwenyewe

Kinapima maumivu ya ndani: huzuni, hofu, hatia, wasiwasi usiomwacha mtu apumzike. Mwamuzi ni mwenye maumivu. Kinampa mtu heshima ambayo vipimo viwili vilivyotangulia havimpi, kwa sababu hakiulizi majirani wanasemaje.

Mjane wa Mkomani, ambaye hesabu ilimpita na desturi ilimsifu kwa kumkumbuka mumewe, hapa anaonekana mara moja. Ila usitegemee aje kusema ana sonona. Watu wetu huja na mwili: moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, mgongo, kukosa usingizi, "nina mawazo". Mhudumu asiyejua hilo atatoa panadoli na kumuaga aliyekuja kulia.

Udhaifu wake ni wa pande mbili. Kijana wa daraja la Manda hajawahi kujisikia vizuri hivi maishani. Ukimwuliza kuhusu dhiki atakucheka. Kumbe hali yake inafanana sana na ile madaktari wanayoiita mania, ambayo huweza kumfilisi mtu kabla haijamwumiza. Na upande wa pili, dhiki si ugonjwa. Aliyepotelewa na mashua na wanawe baharini asipolia, hapo ndipo mtu angetiwa shaka.

Kinamfaa mtu anayejiuliza kuhusu nafsi yake, na mshauri nasaha anayempokea.

Kipimo cha kushindwa na maisha

Badala ya kuuliza unajisikiaje, hiki kinauliza unafanya nini. Unaoga? Unakula? Unafika kazini? Unaelewana na watu wa nyumbani? Shirika la Afya Duniani lina dodoso la kupimia haya, WHODAS 2.0, linalouliza siku 30 zilizopita katika maeneo sita: kuelewa na kuwasiliana, kutembea, kujitunza, kuishi na watu, shughuli za nyumbani na kazi, na kushiriki katika jamii. Mwamuzi anaweza kuwa mwenyewe, ndugu au mhudumu, na majibu yao yakilinganishwa ndipo picha inakamilika.

Mimi hiki nakipenda kwa familia, kwa sababu kinageuza maneno makali kuwa mambo yanayoonekana. "Amekuwa mwehu" haimsaidii daktari. "Ameuza injini, halali, na jana amemsukuma mamake" inamsaidia sana. Kijana ananaswa, mjane ananaswa, na mama wa Matondoni anapita salama: amerudi kupika.

Kinataka tahadhari moja: kujua maisha ya mtu kabla ya kuyapima. Mvuvi anayeshinda baraza la Kizingitini wakati kusi limechachamaa hajashindwa na kazi, bahari imefunga. Kijana asiye na kazi katika mji usio na kazi hajaugua. Na yuko mtu anayeswali, anafundisha, analisha watoto, na usiku anawaza kujiua. Huyo kipimo hiki kitampa alama nzuri.

Hapa wengi huambatanisha swali la hatari: je, anaweza kujidhuru au kumdhuru mwingine? Sheria hulipenda swali hilo kwa sababu linahalalisha kumlaza mtu bila ridhaa yake. Ni muhimu, lakini si maana ya ugonjwa. Wagonjwa wengi wa akili hawana hatari kwa mtu yeyote. Na sheria nayo hubadilika. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba.

Kipimo cha ukamilifu

Mwanasaikolojia Marie Jahoda, mwaka 1958, aligeuza swali. Badala ya kutafuta ugonjwa alieleza afya: kujikubali, kukua na kutimiza uwezo wako, kuhimili misukosuko, kujiamulia, kuuona ulimwengu ulivyo, na kuyamudu mazingira. Anayepungukiwa na haya yuko mbali na afya kamili.

Ni orodha nzuri ya kuzungumza na vijana, basi. Ukiitumia kutafuta wagonjwa, mji mzima utalazwa, mimi nikiwa wa mbele. Na hilo la kujiamulia limekatwa kwa kitambaa cha Ulaya: kwetu mtu anayeoa, anayeuza shamba au kuhama bila kuwashauri wazee hapewi alama ya afya. Watu wetu watatu wote wanafeli hapa, na hilo halikuambii lolote.

Kipimo cha hitilafu yenye madhara

Mtaalamu Jerome Wakefield, mwaka 1992, alijaribu kuwapatanisha waliosema ugonjwa wa akili ni jambo la maumbile na waliosema ni hukumu ya jamii tu. Kwake, ugonjwa wa akili una sharti mbili, na zote lazima zitimie. Kwanza, kuna kitu ndani ya mtu kilichoacha kufanya kazi ambayo maumbile yalikiwekea. Pili, hitilafu hiyo inamletea madhara kwa viwango vya jamii yake. Mwamuzi wa sharti la kwanza ni sayansi, wa la pili ni jamii.

Rudi kwa watoro wa Malindi uone nguvu yake. Mabwana walipata hasara, ndiyo, lakini ndani ya mtoro hakuna kilichoharibika. Kukimbia mateso ni akili kufanya kazi yake. Cartwright anaanguka papo hapo. Vivyo hivyo huzuni ya mfiwa: ni moyo ulio mzima ukifanya unachopaswa. Kijana wa Langoni yuko ndani, kwa kuwa usingizi na tahadhari vimezimika na madhara yanaonekana.

Mjane ndiye anayekipa shida. Huzuni yake ilianza kwa haki. Ni lini iliacha kuwa kazi ya moyo ikawa hitilafu ya moyo? Kujibu hilo unahitaji kujua huzuni iliumbiwa nini, na hilo wataalamu bado wanabishania. Kwa hiyo kipimo hiki ni kikali darasani na kigumu kliniki. Kinamfaa anayetaka kupinga jina la ugonjwa alilobandikwa mtu kwa sababu ya siasa, dini au unyonge wake.

Na madaktari je?

Hawachagui kimoja. Wanachanganya. Vitabu viwili vya kuainisha magonjwa ndivyo vinavyotumika zaidi: DSM ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013 lililorekebishwa 2022, na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022. DSM inataka pawe na hitilafu ndani ya mtu, ambayo kwa kawaida inaambatana na dhiki au kushindwa na shughuli. Kisha inaweka mipaka miwili: itikio linalotarajiwa na kukubalika katika utamaduni kwa msiba kama kufiwa si ugonjwa, na mgongano wa mtu na jamii yake si ugonjwa kama haukutokana na hitilafu hiyo.

Ukiviangalia kwa macho ya Lamu, utaona vimejaribu. ICD-11 ina ugonjwa wa kupagawa, lakini kwa masharti: kupagawa kuwe kwa kutotaka, kusiwe sehemu ya desturi au ibada inayokubalika, na kumletee mtu dhiki au kumshinda maisha. Mama wa Matondoni haingii. Akianza kupandwa dukani, bila ngoma, huku akiogopa, ataingia. Kwa huzuni ndefu vitabu havikubaliani: ICD-11 inataka iwe imepita miezi sita tangu kifo, DSM mwaka mzima kwa mtu mzima, ingawa vyote viwili vinataka izidi wazi yale ambayo dini na utamaduni wa mfiwa unayatarajia. Eda kwa vyovyote imo ndani ya muda salama. Mjane wetu amevuka mipaka yote miwili, na namna alivyo sasa inatosha pia kumwuliza kuhusu sonona, ambayo DSM inaihesabu kwa dalili tano kati ya tisa, kwa wiki mbili angalau, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo.

Orodha hizi zinawafanya madaktari wa Malindi na wa London waongee lugha moja. Hazimfanyi yeyote asikosee. Mwaka 1973 Rosenhan aliandika kwamba watu wanane wazima walijipeleka katika hospitali 12 za Marekani wakidai wanasikia sauti, wakalazwa, na hata walipoacha kuigiza wakaendelea kuitwa wagonjwa. Ukweli wa ripoti yake umetiliwa shaka baadaye, ila swali aliloliacha limebaki.

Ushike kipi, ukiwa wapi

Mtu akizungumzia kufa, amejidhuru, halali siku kadhaa na anakuwa mkali, au haujui ulimwengu alimo, weka ulinganisho huu kando. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu leo. Ukiwa Faza au Siyu, usingoje mashua ya kesho kama ipo ya leo.

Ndugu wanaobishana kama kijana wao ni mtundu au mgonjwa, waanze na kushindwa na maisha. Waandike yaliyobadilika, lini, na kwa kiasi gani, wakiacha maneno ya barazani. Karatasi hiyo waende nayo.

Wewe mwenyewe unayejihisi vibaya wakati kila mtu anakuambia huna kitu, shika kipimo cha dhiki. Huhitaji ruhusa ya jirani kuumwa.

Imamu, mwalimu wa madrasa au mganga anayeletewa mtu, atumie desturi kujua lipi ni la kawaida na kushindwa na maisha kujua lini apeleke mbele. Kisomo na hospitali havizuiani. Kinachodhuru ni minyororo, njaa, na kuachishwa dawa.

Anayetumia unga au vidonge hatambuliwi kwa uchache wala kwa aibu ya familia. Angalia anachoshindwa kufanya bila kutumia; hospitali ya Malindi inatoa methadoni kwa walionaswa na heroini.

Ukiwa mwandishi, mwanasheria au mtu wa haki unayemwona mnyonge akiitwa kichaa ili anyamaze, Wakefield ndiye wa kwako.

Mwalimu wa sekondari ashike uchache kwa masomo tu, na orodha ya Jahoda kwa mazungumzo ya darasani.

Na mwanafunzi mwenye mtihani, usichague kimoja ukakitetea kama timu ya mpira. Taja vinne au zaidi, kila kimoja na mtu mmoja kinayemnasa vibaya na mmoja kinayempita. Mifano ya vitabuni watahini wameichoka. Weka mjane, na mtoro wa Fuladoyo.